Mtu wa Kaya Yake

Mwongozo wa kushiriki katika kozi ya akiolojia ulikuwa na kurasa nne, na Kigen aliubandika ukutani sebuleni, kati ya kalenda ya kampuni ya mbegu na picha ya harusi. Alitumia gundi ya viatu ili usije ukaanguka. Mke wake Jemutai, ambaye ndiye mwanafunzi, alikuwa ameusoma mara moja kwenye simu akaendelea na maisha yake. Kigen aliusoma kila asubuhi akinywa chai, mpaka kanuni zote kumi na sita zikamkaa kichwani.

"Mama Faith, ya nne inasema ukae mahali penye utulivu."

"Si nimekaa, Baba Faith."

"Na huyo kuku?"

Kuku akatolewa nje.

Nusu ya kozi ilisomwa kwa simu, Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni, na nusu nyingine chuoni, Eldoret mjini. Hili lilikuwa somo la mwisho la digrii yake. Jemutai alikuwa amefundisha historia miaka tisa katika shule moja ya kibinafsi hapo mji mdogo wa Ziwa, akiwa na cheti tu, na mwenye shule alikuwa ametangaza kwamba asiye na digrii ikifika Januari ataacha darasa na kwenda kulea wasichana bwenini. Alisema hivyo mbele ya walimu wote, wakati wa chai, akiwa na andazi mkononi. Kwa hiyo somo hili lilikuwa ndilo digrii, na digrii ndiyo darasa, na nyumba nzima ililijua hilo.

Wiki ya pili ya masomo ndipo Kigen alipoaibika. Alirudi kutoka kukamua, akavua shati lenye maziwa, akapita sebuleni na fulana yenye matundu bila kukumbuka ni Alhamisi. Simu ilikuwa mezani ikitazama juu. Wanafunzi thelathini na wanane, kutoka Kitale hadi Garissa, walimwona kuanzia shingoni hadi magotini. Mmoja aliandika pale wanapoandikiana: "Daktari, hiki ndicho kifaa cha kale cha wiki hii?" Watu wakacheka. Jemutai alizima kamera, na kwa kanuni ya sita asiyewasha kamera huhesabiwa hayupo, kwa hiyo akahesabiwa hayupo.

"Walinicheka?" Kigen aliuliza baadaye.

"Hata hawakukujua. Hawakuona kichwa."

"Hiyo ndiyo inaniuma zaidi."

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kanuni ya saba, inayosema mandhari nyuma ya mshiriki yawe nadhifu na yasiwavuruge wenzake. Alipaka ukuta rangi ya krimu, akiuzunguka mwongozo kwa uangalifu. Alihamisha kamba ya nguo. Hata kwa mchungaji wao alikwenda, kumwomba asijaribu spika za kanisa siku ya Jumanne. Jemutai alimwambia imetosha. Kigen akasema kanuni haisemi itoshe wapi.

Kisha ikaja barua ya idhini. Mhadhiri, Daktari Adoyo, angetembelea eneo ambalo kila mwanafunzi ameliandikisha, na wengine wangefuatilia kwenye simu. Mwenye ardhi alitakiwa kutia sahihi. Jemutai alikuwa amezama katika kusahihisha mitihani ya darasa la nane, karatasi zimejaa meza nzima.

"Ni sehemu gani hii wanataka?" Kigen akauliza.

"Hapo chini ya zizi."

"Watachimba?"

"Labda kidogo. Hao ni watu wa kuchimba. Tia tu sahihi, Baba Faith, nimebaki na karatasi arobaini."

Kigen alitia sahihi, S. K. Kigen, akaandika na nambari ya kitambulisho mara mbili. Halafu akatoka nje kwenda kupaangalia mahali hapo kwa macho ya mgeni.

Alichokiona kilimtia baridi. Chini ya zizi palikuwa na shimo. Lilikuwa shimo pana la mviringo, ukubwa wa nyumba mbili, na kina cha kumfika mtu mabegani. Ndama walifungwa humo wakati wa upepo. Kwenye kona kulikuwa na gamubuti zilizokatika, makopo ya dawa ya kupe na godoro alilokojolea Faith akiwa mdogo. Zamani kila shamba la upande ule lilikuwa na shimo la namna hiyo, mawili, matatu. Wazee waliyaita ya Wasirikwa, wafugaji waliokuwa huko kabla yao, na habari iliishia hapo. Baba yake Kigen alifukia mawili kwa plau ya ng'ombe na mahindi yakastawi juu yake. Hili la tatu lilibaki kwa uvivu tu. Na sasa daktari mzima wa chuo, na watu thelathini na wanane nyuma yake, wangekuja kulitazama godoro lile.

* * *

Jumatatu Jemutai alikwenda Eldoret kwa wiki ya masomo ya ana kwa ana. Alilala kwa dada yake Jebet, nyuma ya soko. Jumanne Kigen alitembea hadi barabarani, ambako kontrakta alikuwa akipanua barabara na kutafuta mahali pa kumwaga udongo. Alimkuta dereva wa greda, Mbukusu mmoja mpole aitwaye Mabonga, akila ndizi kivulini.

"Unataka lori ngapi, mzee?"

"Mpaka lijae."

Walikuja na lori kumi na moja. Mabonga alisimama ukingoni akalitazama shimo, mikono kiunoni.

"Hili lilikuwa la nini?"

"Halikuwa la kitu. Ni la zamani tu."

"Na haka kamlima hapa mdomoni?"

Upande wa chini, mahali ng'ombe walipoingilia, kulikuwa na kichuguu cha udongo mweusi kilichoota nyasi. Kigen aliwahi kuteleza juu yake na kuvunjika kidole.

"Hako ndiko uanze nako. Sukuma kote ndani."

Kufikia saa tisa pale pakawa tambarare kama uwanja wa mpira. Mabonga alipita na greda mara tatu zaidi kwa ajili ya urembo, akakataa hela, akakaribishwa ugali, kuku na mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, akala mpaka akafungua kifungo cha suruali. Siku zilizobaki Kigen aliweka mawe pembeni akayapaka chokaa. Aliazima hema la kanisa na viti kumi na viwili. Mwisho akanunua majembe matatu mapya, akayalaza sambamba katikati ya ule uwanja, mipini ikielekea kwa wageni. Alifikiri jambo hilo kwa kina. Mtu wa kuchimba huwezi kumpa mahali palipochimbwa tayari. Ni kama kumkaribisha mgeni chakula kilicholiwa.

* * *

Jemutai alishuka kwenye boda boda Ijumaa saa nane, na mkoba begani. Kigen alimpokea mkoba.

"Njoo uone kitu."

Jemutai alipita zizi, akasimama. Alitazama hema. Alitazama mawe meupe. Alitazama majembe.

"Shimo liko wapi?"

"Limeisha," Kigen akasema kwa furaha.

"Liko wapi, Baba Faith?"

"Nakwambia limeisha. Lori kumi na moja, na sijatoa hata shilingi."

Jemutai aliketi kwenye kiti kimoja cha kanisa. Alikaa na mikono mapajani, kama mtu anayesubiri ibada ianze.

"Hilo shimo ndilo walikuwa wanakuja kuona," akasema.

Kigen alicheka kidogo, halafu akaacha.

"Wanakuja kuona shimo?"

"Ndiyo."

"Ambalo limeshachimbwa?"

"Ndiyo."

"Kutoka Eldoret?"

"Lilikuwa zizi. Hao watu wa zamani walilaza ng'ombe humo. Asubuhi wanatoa mbolea, vyungu vilivyovunjika, mifupa, wanatupa hapo mdomoni. Miaka na miaka. Kile kichuguu ndicho tunasoma, tabaka moja baada ya jingine, vile walitupa. Nimekipiga picha, nimekipima, nimeandika kurasa kumi na mbili." Aligeukia upande wa chini. "Kiko wapi?"

"Tulianza nacho," Kigen akasema.

Jemutai hakupiga kelele. Kigen alingoja apige kelele, maana kelele angeijibu. Jemutai aliinuka, akaokota jembe moja, akaligeuza akatazama makali yake, akalirudisha palepale sambamba na mengine. Kisha akaenda jikoni kuteka maji. Kigen alijiona mjinga tangu kuzaliwa kwake.

* * *

Kigen alibandua ukurasa wa nne wa mwongozo kwa kisu. Gundi ilishika kweli, ukaja na rangi ya zamani ya ukuta nyuma yake. Akaupeleka sokoni kwa Ephantus Gikonyo, muuza dawa za mifugo, ambaye husomea watu mikataba ya mashamba na hudhani angekuwa wakili kama si familia.

Gikonyo alivaa miwani.

"Kanuni ya kumi na tano. Eneo likibadilishwa na mshiriki, au na mtu wa kaya yake, mshiriki atapewa sifuri na kurudia somo mwaka unaofuata." Akainua kidole. "Ngoja. Likibadilishwa na mtu mwingine bila idhini, mshiriki ataandika ripoti na kupewa eneo jingine. Kigen, hapa ndipo pa kutokea. Tuseme kontrakta aliingia tu."

"Mabonga atafutwa kazi."

"Wewe na Mabonga mnajuana kutoka lini?"

"Amekula kwangu."

Gikonyo alivua miwani akaifuta kwa kitambaa cha kaunta. Alijua hapo hapana njia.

"Basi tunahitaji mtu mwingine. Aliye shambani lakini si wa kaya. Mfanyakazi, kwa mfano."

"Sina mfanyakazi."

"Najua huna."

Mteja aliingia, akanunua dawa ya minyoo ya mbuzi, akatoka. Kigen alikuwa bado amesimama, macho kwenye koti la kaki lililoning'inia mlangoni, lile analovaa kibarua wa Gikonyo akipakua magunia.

"Hilo koti," akasema, "unaweza kuniazima mpaka kesho?"

* * *

Jumamosi asubuhi alimwambia mkewe anakwenda Moi's Bridge kuulizia bei ya mahindi, na asingeweza kuwatazama wageni usoni. Jemutai alisema sawa. Alikuwa amekwisha kuamua kusema ukweli na kupokea atakachopewa, na hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu anayekimbia. Ila ilimuuma kwamba anakimbia.

Daktari Adoyo alifika saa nne, mwanamke mrefu mwenye kofia ya jua, akisukuma kwa mguu mlango wa gari la chuo usiofunga. Alimpa Jemutai simu iliyofungwa kwenye fimbo.

"Shika hii, wenzako wako ndani. Thelathini na wanane. Nionyeshe shimo."

"Daktari, shimo limefukiwa."

Daktari Adoyo alitazama uwanja, hema, mawe, majembe matatu. Hakuuliza majembe ni ya nini.

"Lini?"

"Jumanne. Nilikuwa darasani kwako."

"Na nani?"

Kabla Jemutai hajafungua mdomo, mtu alitoka nyuma ya zizi akisukuma toroli la mbolea. Alikuwa na koti la kaki lenye vumbi la magunia na gamubuti zisizolingana. Aliegesha toroli, akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono yote miwili.

"Ni mimi, daktari. Mfanyakazi wa hapa."

Jemutai alimtazama mume wake. Simu ilitetemeka kwenye fimbo, na Garissa nzima ikaona mawingu.

"Madam hajui kitu," mtu yule aliendelea, bila kumtazama. "Alikuwa shule. Mzee naye ameenda Moi's Bridge. Niliamua mwenyewe."

"Hakuna aliyekutuma?"

"Hakuna. Mimi ni mtu wa kuamua vibaya."

Daktari Adoyo alitoa kompyuta yake ndogo ya mkononi. "Sogea kidogo kushoto, unawaziba wanafunzi. Hapo. Jina?"

"Stephen."

Ndivyo alivyobatizwa, ingawa tangu siku ile hakuna aliyemwita hivyo.

"Stephen, kulikuwa na kichuguu upande wa chini. Kilienda wapi?"

"Ndani. Nilianza nacho."

Daktari alifumba macho kidogo, akafumbua. Alikuwa amesafiri kwa muda wa saa moja na nusu kwa ajili ya kichuguu kile. "Umefanya kazi hapa miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Miaka kumi na tisa na hukujua kwamba mwenye shamba analitaka hilo shimo?"

"Hakuna mtu aliniambia. Lakini pia sikuuliza."

"Wanakulipa vizuri angalau?"

Kigen alifikiria swali hilo. Alionekana analitafutia jibu la kweli.

"Chakula ni kizuri," akasema.

Kwenye simu mtu alicheka, halafu wengine. Kigen alisimama pale kwenye shamba aliloachiwa na baba yake, kofia kifuani, akingoja waache. Hakugeuza uso. Jemutai aliona masikio yake yamekuwa mekundu, na akaelewa kwamba angeweza kusimama hivyo hadi jioni kama ingehitajika, na kesho yake pia.

"Nimeandika," Daktari Adoyo akasema. "Mfanyakazi, bila idhini. Jemutai, utaniletea ripoti Ijumaa, nitakutafutia shimo jingine huko Moiben."

"Daktari."

"Ndiyo."

"Huyu si mfanyakazi."

Kigen alitikisa kichwa haraka, kama anayefukuza nzi.

"Ni mume wangu," Jemutai akasema. "Stephen Kigen. Shamba ni lake, na sahihi uliyo nayo ni yake. Alifukia kwa sababu mlikuwa mnakuja na alitaka mpate mahali pazuri. Mimi ndiye sikumwambia mnataka nini. Nilimwambia atie sahihi nikaendelea kusahihisha."

Ng'ombe mmoja zizini alikojoa kwa muda mrefu.

Daktari Adoyo aliwatazama wote wawili. Aliishusha sauti, akaweka kiganja juu ya simu.

"Nimeshaandika mfanyakazi. Unanielewa? Imeshaandikwa. Mimi sikuuliza kitambulisho."

"Nakuelewa, na nashukuru," Jemutai akasema. "Futa, daktari."

"Mama Faith," Kigen akanong'ona. "Januari."

"Nimesikia. Vaa kofia yako."

Daktari Adoyo alifuta. Ilichukua muda kwa sababu kidole chake hakikuwa na haraka. Kisha akaandika upya, na Kigen, aliyekuwa amesimama karibu, aliiona sifuri ikiingia kwenye kisanduku, ndogo, ya duara, haina kelele yoyote. Alikuwa amekaa kwenye ndoa miaka kumi na tisa akijua anapendwa jinsi mtu anavyojua ana figo. Sasa ameonyeshwa, mbele ya watu, kwa gharama iliyojulikana.

"Bwana Kigen," daktari akasema. Hakumwita Stephen tena. "Wewe umezaliwa hapa?"

"Nyumba ile pale."

"Ukingo wa shimo unaukumbuka ulikuwa wapi?"

"Nilianguka humo mara nyingi sana."

"Basi utembee juu yake. Polepole. Jemutai, mfuate na kamera. Ninyi wengine, chukueni karatasi mchore."

Kigen aliweka toroli vizuri. Alikwenda upande wa juu, akatafuta mahali kwa kisigino, akaanza. Alitembea kwenye uwanja uliolala tambarare kama mtu anayepita ukingoni, mkono mmoja umenyooka asianguke. Hapa paliinama, akasema. Hapa palikuwa na jiwe, ndama mweusi alivunjia mguu. Hapa ndipo ng'ombe waliingilia, upana wake hivi, na akanyoosha mikono yote miwili. Mwanafunzi mmoja kwenye simu aliuliza kichuguu kilikuwa na urefu gani, na Kigen akajibu kilimfika kiunoni, kiuno cha wakati ule, akaonyesha. Hakuna aliyecheka. Jemutai alimfuata nyuma na fimbo ya simu, hatua kwa hatua, mpaka duara likafunga.

"Tutaanzia hapa mwaka ujao, ukirudia," Daktari Adoyo akamwambia. "Chini ya udongo huu wote, sakafu ya zizi huenda bado ipo."

"Mwaka ujao," Jemutai akasema. Akawaza juu ya wasichana themanini wa bweni, na taa za kuzimwa saa tatu, na mwalimu mgeni akifundisha historia yake mlango wa pili. Ilikuwa vigumu kuwaza hivyo. Akampa daktari simu yake, akamgeukia mume wake, ambaye alikuwa bado amesimama juu ya ukingo usioonekana akihofia kushuka.

"Baba Faith."

"Naam."

"Kati ya leo na mwaka ujao, usitengeneze kitu chochote."